Abu Raihani Al-Biruni na Ilimu ya Jua

Wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba kuuliza khabari za jua na sayari zake ni kazi ya watu wasio na dini. Na wako wengine, khasa vijana waliosoma skuli, wanaodhani kwamba ilimu hiyo ilizaliwa Ulaya na kwamba Waislamu hawakuwa na fungu ndani yake. Makundi haya mawili hubishana kila siku, na yote mawili yamekosea kwa sababu moja, nayo ni kutoijua tarehe ya watu wao. Kwa hiyo tumeona vyema kuandika maisha ya Abu Raihani Muhammad bin Ahmad Al-Biruni, ili kila kundi lipate jawabu lake.

Al-Biruni alizaliwa mwezi wa Mfunguo Tatu mwaka wa 362 wa Hijra, sawa na mwaka wa 973 wa Miladi, karibu na mji wa Kath katika nchi ya Khawarizmi, ambayo kipande chake kikubwa leo kimo katika Uzbekistani. Alisomeshwa na Abu Nasr Mansur bin Iraq, bingwa wa hisabu aliyekuwa wa nyumba ya watawala wa mji ule. Alipokuwa bado kijana wa miaka kumi na kitu alipima urefu wa jua adhuhuri, na kwa kipimo hicho akajua mji wa Kath uko umbali gani kutoka mstari wa ikweta.

Katika mwaka wa 995 vita viliingia Kath, nyumba ya watawala ikaanguka, naye akakimbia roho yake. Alifika mji wa Rayy, karibu na Tehran ya leo, akiwa fukara. Huko alikhitilafiana na mnajimu mmoja tajiri katika mas-ala ya ilimu, na yule tajiri akamdharau kwa umasikini wake, kana kwamba ukweli hupimwa kwa fedha iliyomo mfukoni. Hali yake ilipotengenea baadaye, mtu yule yule akawa rafiki. Al-Biruni aliyaandika hayo mwenyewe.

Mwaka wa 997 alikuwa amekwisha kurudi Kath. Akaagana na Abul Wafaa, mwanachuoni mkubwa wa Baghdad, kwamba kila mmoja autazame mwezi utakapopatwa, mmoja Kath na mwingine Baghdad. Kupatwa kwa mwezi huonekana kwa wakati mmoja na wote walioko upande wa usiku, kwa sababu ni kivuli cha ardhi kinachouangukia mwezi wenyewe. Lakini saa za miji hazilingani, maana jua huchomoza mashariki kabla ya magharibi, na kila daraja 15 ni tafauti ya saa moja. Walipolinganisha waliyoyaandika waliona kuwa saa za miji yao zimepitana kwa kadiri ya saa moja, na kwa hayo wakajua miji hiyo imeachana kwa kiasi gani kutoka mashariki hadi magharibi. Hivyo tukio ambalo wajinga huliogopa, wao walilifanya kipimo. Na Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, alikuwa amekwisha kufundisha, siku alipofariki mwanawe Ibrahimu na jua likapatwa, kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu.

Katika ujana wake Al-Biruni aliandikiana na Ibn Sina, akamwuliza masuala 18 juu ya maneno ya Aristotle na juu ya maumbile. Alitaka kujua, miongoni mwa mengine, jinsi joto la jua linavyotufikia, na mianzi yake ni kitu gani. Hakuridhika kwamba neno ni kweli kwa kuwa limesemwa na mtu mkubwa, bali alitaka hoja. Leo twajua kwamba jua liko mbali nasi kwa kadiri ya kilomita milioni 150, na nuru yake huchukua dakika nane na sekunde ishirini hivi kutufikia, ikipita katika utupu bila ya hewa ya kuichukua. Jawabu hiyo ilikuja karne nyingi baadaye, lakini haiji jawabu ila kwa kutangulia suala.

Mwaka wa 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khawarizmi, na Al-Biruni akachukuliwa Ghazna pamoja na wanavyuoni wengine. Hatukuona kwamba alikaa kulia. Mwaka uliofuata alikuwa katika kijiji karibu na Kabul, hana chombo hata kimoja, akapiga mstari wa duara nyuma ya ubao wa hisabu, akafunga timazi, akapima jua kwa ubao ule. Mtu mwenye hamu ya ilimu hakosi chombo.

Alipokwenda Bara Hindi alisimama juu ya mlima karibu na ngome ya Nandana, katika Punjab, iliyo leo katika Pakistani. Kwanza aliupima urefu wa mlima akaona ni dhiraa 652 na kitu. Kisha akapima upeo wa macho umeinama kiasi gani anapoutazama kutoka kileleni, akapata dakika 34 za daraja. Kwa vipimo hivyo viwili akahesabu nusu ya kipenyo cha ardhi nzima, akapata dhiraa zaidi ya milioni 12 na laki nane. Jambo hilo halikutaka jeshi wala msafara wa kupita jangwani; lilitaka mlima mmoja, uwanda mbele yake, na akili.

Inasimuliwa kwamba alikuja mjumbe kutoka nchi za mbali za Waturuki, akamweleza Sultani Mahmud kuwa ameona mahali ambapo jua huzunguka juu ya ardhi wala halituwi. Sultani alikasirika akamwona mtu yule ni mzushi katika dini. Abu Nasr bin Mishkan, katibu wake, akamkumbusha kwamba mjumbe anaeleza alichokiona tu, na kwamba katika Suratul Kahf wametajwa watu wasiowekewa sitara mbele ya jua. Ndipo Sultani akamwuliza Al-Biruni, naye akambainishia sababu yake, Sultani akakubali. Sababu ni kuwa mhimili wa ardhi umeinama, basi kwenye ncha za dunia mchana huweza kuendelea miezi. Al-Biruni aliupima mwinamo huo akapata daraja 23 na dakika 35. Katika zama zake kipimo sahihi kilikuwa karibu daraja 23 na dakika 34, na leo kimepungua kidogo. Tazama jinsi mtu asiye na hatia alivyokaribia kuangamia kwa kusema kweli, na jinsi ilimu ilivyomwokoa.

Mwinamo huo ndio unaoleta majira, wala si ukaribu wa jua kama wengi wanavyodhani. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzo wa Januari, wakati watu wa Ulaya wanapotetemeka kwa baridi, na huwa mbali zaidi mwanzo wa Julai. Al-Biruni alibainisha kwamba mahali pale pa mbali zaidi hapakai pamoja milele, bali husogea polepole.

Katika kitabu chake cha vivuli ameeleza kisa cha mwadhini mmoja aliyekataa kukiingiza msikitini chombo cha kujulia nyakati za sala, kwa kuwa kimeandikwa miezi ya Warumi. Al-Biruni alimjibu kwamba Warumi nao hula chakula, basi asiwafuate katika hilo pia. Nyakati za sala huandama jua, na jua huandama mwaka wa miezi ya jua, sio wa mwezi mwandamo; chombo hakikuwa na njia nyingine. Sisi wa Mombasa twalijua hilo kwa macho yetu: mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi na mwezi wa Oktoba, jua hupita utosini na kivuli cha adhuhuri hakionekani. Asiyejua sababu yake atapimaje kivuli cha alasiri?

Hatusemi kwamba Al-Biruni alipata kila kitu. Aliiona asturlabu ya As-Sijzi iliyotengenezwa kwa fikira ya kuwa ardhi ndiyo inayozunguka, akasema kwamba hisabu ya falaki haiharibiki kwa rai hiyo. Lakini vitabu vyake vilibaki juu ya rai ya ardhi kuwa katikati. Kitabu cha Copernicus kilichoweka jua katikati ya sayari kilitoka mwaka wa 1543. Katika kuyatazama majua yaliyopatwa aliudhoofisha uoni wa macho yake, akawausia walio nyuma yake walitazame jua kwa sura yake katika maji.

Alipomaliza kitabu chake kikubwa cha falaki, Al-Qanun Al-Mas'udi, alichomtunukia Sultani Mas'ud yapata mwaka wa 1030, inasimuliwa kwamba Sultani alimletea mzigo wa ndovu mzima wa fedha, naye akaurudisha khazina kwa kuwa hakuuhitaji.

Alifariki Ghazna yapata mwaka wa 1048. Imepokewa kwamba mwanachuoni mmoja wa sharia aliingia kumzuru akiwa katika pumzi zake za mwisho, na Al-Biruni akamwuliza mas-ala ya mirathi ya mabibi wa upande wa mama. Mgeni alimwonea huruma, akastaajabu kuulizwa saa ile. Al-Biruni akamjibu kuwa ni bora auage ulimwengu hali ya kuyajua mas-ala hayo kuliko kuuaga hali hayajui. Akaelezwa, akayahifadhi. Yule mgeni alikuwa bado njiani alipokisikia kilio nyumbani.

Basi, ndugu zangu, mtu huyu alitafuta ilimu ya jua akiwa fukara, akaitafuta akiwa mateka, na akauliza mirathi akiwa anakata roho, wala hakuona mpaka baina ya hii na ile. Sisi tuna afya, vitabu na wakati. Tutatoa udhuru gani? Mwenyezi Mungu amrehemu, na atupe sisi hamu mfano wa hamu yake. Amin.