Gustav Vigeland

Gustav Vigeland (Mandal, 11 Aprili 1869 – Oslo, 12 Machi 1943) alikuwa mchongaji sanamu kutoka nchini Norwei. Anajulikana hasa kwa sanamu zaidi ya 200 zilizowekwa katika Bustani ya Frogner mjini Oslo, ambako mtu yeyote huweza kuzitazama bila kulipa kiingilio.

Maisha ya awali

Vigeland alizaliwa karibu na mji mdogo wa Mandal, kusini mwa Norwei. Baba yake alikuwa seremala. Akiwa kijana alipelekwa Oslo, uliokuwa ukiitwa Kristiania wakati huo, ili ajifunze kuchonga mbao. Baba alipofariki mwaka 1886 ilimbidi arudi nyumbani kuisaidia familia. Miaka miwili baadaye alirudi mjini, akasaidiwa na mchongaji Brynjulf Bergslien, na mwaka 1889 kazi yake ya kwanza ilionyeshwa hadharani. Baadaye alisafiri Denmark, Ufaransa, Ujerumani na Italia. Mjini Paris alitembelea karakana ya mchongaji maarufu Auguste Rodin.

Tangu mwaka 1897 alifanya kazi katika ukarabati wa kanisa kuu la Trondheim. Pia alibuni medali ya Tuzo ya Nobel ya Amani, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1901. Medali hiyo ndiyo aliyopewa Wangari Maathai wa Kenya mwaka 2004.

Mkataba na jiji

Nyumba aliyokuwa akifanyia kazi ilitakiwa kubomolewa ili kupisha ujenzi wa maktaba ya umma. Baada ya mabishano marefu, mwaka 1921 pande mbili zilifikia mkataba. Jiji lilikubali kumjengea karakana mpya yenye makazi katika eneo la Frogner. Naye alikubali kwamba kazi zake zote zitakuwa mali ya jiji: sanamu, michoro na vielelezo vya udongo. Alihamia huko mwaka 1924, akaishi humo hadi kufa kwake.

Kwa mkataba huo kazi zake hazikutawanyika katika nyumba za matajiri, bali zilibaki pamoja mikononi mwa wananchi.

Bustani ya sanamu

Vigeland aliziumba sanamu zote yeye mwenyewe kwa udongo wa mfinyanzi, zikiwa na ukubwa kamili. Kisha mafundi walizichonga katika mawe au kuzisubu kwa bronzi. Pia alibuni mpangilio wa bustani, pamoja na malango yake ya chuma.

Daraja lenye sanamu 58 za bronzi lilifunguliwa kwa umma mwaka 1940. Mojawapo ni ya mtoto mdogo anayelia kwa hasira, ambaye mkono wake unang'aa kwa kushikwashikwa na wageni. Mahali pa juu zaidi pamesimama nguzo ya jiwe moja la itale, yenye urefu wa zaidi ya mita 14 na maumbo 121 ya watu waliobebana. Mafundi watatu walianza kuichonga mwaka 1929, wakatumia takriban miaka 14.

Sanamu zinaonyesha utoto, mapenzi, ulezi, ugomvi, uzee na kifo. Karibu zote ni za watu walio uchi. Kwa kuwa hazina mavazi, mtazamaji hawezi kutambua cheo, kazi wala zama za mtu anayeonyeshwa.

Mradi huu ulipingwa pia. Wako waliolalamikia gharama zake, waliochukizwa na uchi huo, na waliohoji kwa nini msanii mmoja apewe eneo kubwa hivyo la mji.

Kifo na urithi

Vigeland alifariki mwaka 1943, wakati nchi yake ilipokuwa imekaliwa na Ujerumani, kabla bustani haijakamilika. Majivu yake yamehifadhiwa katika mnara wa karakana yake, ambayo ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1947.

Bustani yenyewe haifungwi mchana wala usiku, mwaka mzima. Wakazi wa Oslo hupita hapo wakienda matembezini, watoto hupanda juu ya sanamu, na familia huketi majanini wakati wa kiangazi. Hivyo hata mtu asiyewahi kuingia katika jumba la makumbusho hukutana na sanaa katika maisha yake ya kila siku.