Gregor Mendel: Mtawa Aliyefumbua Kanuni za Urithi kwa Mbegu za Njegere

Johann Mendel alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho leo kimo katika Jamhuri ya Czech. Baba yake, mkulima, alipoumizwa na mti, uwezo wa familia ulipungua. Ndipo mdogo wake wa kike, Theresia, alipotoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake ili kaka yake aendelee na masomo.

Mwaka 1843 alijiunga na monasteri ya Mtakatifu Thomas mjini Brno, akapewa jina la Gregor. Alipenda kufundisha, lakini mwaka 1850 hakufaulu mtihani wa ualimu. Alipelekwa Chuo Kikuu cha Vienna kusomea fizikia, hisabati na mimea. Hata hivyo, alipojaribu tena mwaka 1856 hakufanikiwa.

Mwaka huohuo alianza majaribio ya njegere katika bustani ya monasteri. Alipochavusha mmea wa mbegu za mviringo kwa mmea wa mbegu zenye mikunjo, kizazi cha kwanza kilitoa mbegu za mviringo tupu. Kizazi cha pili kilitoa mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo, yaani takriban tatu kwa moja. Mikunjo haikuwa imepotea, ilikuwa imefichwa. Mendel alibaini kuwa kila sifa hutokana na chembe mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, na kwamba moja huweza kuifunika nyenzake.

Aliwasilisha matokeo yake mwaka 1865 na kuyachapisha mwaka 1866, lakini wachache waliyajali. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa mkuu wa monasteri, na majukumu ya uongozi yakamwondoa katika utafiti. Alifariki dunia tarehe 6 Januari, 1884, kabla kazi yake haijatambuliwa. Ilikuwa mwaka 1900 ambapo watafiti wengine walifikia kanuni zilezile na kumrejeshea heshima yake.

Kanuni hizo ndizo zinazoeleza leo jinsi wazazi wawili wasiougua wanavyoweza kupata mtoto mwenye selimundu. Iwapo kila mmoja amebeba jeni moja ya ugonjwa huo, kila ujauzito una uwezekano wa moja kati ya nne wa kupata mtoto mgonjwa. Kwa sababu hiyo, kupima mapema huwawezesha wenza kupanga familia wakiwa na taarifa sahihi.