Jina la Warburg Lisiwapotoshe Wagonjwa

Wapo wanaomtaja Otto Warburg kila saratani inapozungumzwa. Hudai kwamba Mjerumani huyu alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kugundua chanzo cha saratani, na kwamba mgonjwa akiacha sukari, uvimbe wake utakufa njaa. Mimi ni mwanaisimu, wala si tabibu. Hata hivyo, madai haya yanaweza kupimwa kwa kuyalinganisha na maisha ya mwenyewe.

Warburg alizaliwa mjini Freiburg mwaka wa 1883, mwana wa mwanafizikia Emil Warburg. Alisomea kemia Berlin chini ya Emil Fischer, akapata shahada ya udaktari mnamo 1906, kisha akahitimu utabibu Heidelberg mnamo 1911. Mwaka wa 1913 alibaini kwamba katika seli za ini, matumizi ya oksijeni yanahusiana na chembe ndogo sana zilizomo ndani ya seli hizo. Hizo ndizo mitokondria, jina alilolibuni Carl Benda mnamo 1898 kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki: uzi na punje.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa askari wa kikosi cha farasi, hadi Albert Einstein alipomwandikia mnamo 1918 akimsihi arudi kwenye sayansi. Alirudi, na katika miaka ya 1920 akapima vipande vyembamba vya tishu kwa ustadi wa kupigiwa mfano. Ilijulikana tayari kwamba seli ikikosa oksijeni huichachusha sukari ili iendelee kuishi. Jambo alilolifichua yeye ni kwamba seli za saratani huendelea kuchachusha hata oksijeni ikiwa tele. Ni ajabu, kwani glukosi ikichachushwa, kila molekuli hutoa molekuli 2 tu za ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli. Mitokondria zikishiriki, hupatikana takriban 30.

Hata hivyo, Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1931 hakupewa kwa ajili ya saratani. Alipewa kwa kueleza kimeng'enya cha upumuaji wa seli na namna kinavyofanya kazi.

Utawala wa Hitler ulimkuta Berlin. Ingawa babake alikuwa wa asili ya Kiyahudi, Warburg hakuhama. Mnamo 1941 alifutwa kazi, akarejeshwa baada ya majuma machache. Alifariki Berlin mwaka wa 1970, akiwa na umri wa miaka 86, bado akishikilia kwamba saratani huanza pale upumuaji wa seli unapoharibika.

Hapo ndipo sayansi ilipoachana naye. Imedhihirika kwamba seli nyingi za saratani zina mitokondria zinazofanya kazi vyema, na kwamba chanzo kikuu cha ugonjwa ni mabadiliko ya jeni. Isitoshe, seli haikati tamaa upesi inapopungukiwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba seli zikinyimwa chakula, mitokondria huungana na kurefuka, zikaepuka kumeng'enywa na seli yenyewe, na kuendelea kuzalisha nishati. Punje hugeuka uzi, kana kwamba Benda alibashiri.

Basi, anayenuia kuuua uvimbe kwa njaa anapigana na adui mwenye njia nyingi. Sukari ikikosekana mezani, ini huitengeneza kutokana na protini za mwili. Seli nyingi za saratani nazo huweza kutumia mafuta na asidi za amino. Anayekonda kwanza ni mgonjwa.

Warburg apewe heshima anayostahili. Picha za hospitali zinazosaka uvimbe kwa kutumia glukosi yenye mnururisho hutegemea uvumbuzi wake. Lakini yeyote anayemshauri mgonjwa aache matibabu kwa jina la Warburg anamsingizia marehemu, na kumhatarisha aliye hai.