Bela Lugosi: Joho la Dracula lilimpa jina, likamnyima riziki

Na Mwandishi Wetu

WAPENZI wa sinema za kutisha duniani kote humkumbuka Bela Lugosi kwa joho jeusi na macho makali ya Count Dracula, mnyonya damu. Wachache wanafahamu kuwa jina hilo kubwa liliwatajirisha wengine, huku mwenyewe akifa maskini.

Lugosi alizaliwa Oktoba 20, mwaka 1882 katika mji wa Lugos, uliokuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria na ambao leo umo nchini Romania. Jina lake la ukoo lilikuwa Blasko. La Lugosi alilitwaa kutokana na mji huo.

Aliigiza katika jumba la taifa la michezo ya kuigiza mjini Budapest, akapigana Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kisha akashiriki kuunda chama cha waigizaji. Serikali ya kikomunisti aliyoiunga mkono ilipoanguka mwaka 1919, alilazimika kuikimbia nchi. Alipitia Ujerumani, na mwishoni mwa mwaka 1920 akaingia Marekani.

Kiingereza chake kilikuwa cha shida, lakini lafudhi hiyo hiyo ndiyo iliyomfaa alipocheza Dracula jukwaani New York mwaka 1927.

Kampuni ya Universal ilipotengeneza filamu ya Dracula mwaka 1931, Lugosi alilipwa dola 500 kwa wiki kwa wiki saba, jumla dola 3,500. Filamu ilivuma na kuiingizia kampuni fedha nyingi, lakini mwaka uliofuata yeye alitangaza kufilisika.

Nafasi ya zimwi katika filamu ya Frankenstein, ambayo awali alikusudiwa yeye, ilimwendea Mwingereza Boris Karloff. Tangu hapo Karloff alipanda, naye akabaki kufungwa na joho lake.

Kati ya mwaka 1941 na 1944 aliigiza filamu tisa za kampuni ya Monogram, zilizopigwa haraka na kwa fedha kiduchu. Maumivu ya mguu yalimwingiza katika uraibu wa mofini. Mwaka 1955, katika hatua iliyohitaji ujasiri mkubwa zama hizo, aliomba mwenyewe kulazwa hospitalini ili atibiwe, na habari zake zikatangazwa magazetini.

Alipotoka, alikuwa na rafiki mmoja wa kumpa kazi: Ed Wood, mtengenezaji wa filamu asiye na mtaji. Agosti 16, mwaka 1956, Lugosi alifariki dunia mjini Los Angeles akiwa na umri wa miaka 73. Alizikwa akiwa amevalishwa joho la Dracula.

Hata kifo hakikumpumzisha. Wood alizitumia picha chache alizokwisha kumpiga katika filamu ya Plan 9 from Outer Space, na sehemu zilizobaki zikachezwa na mtu mwingine aliyejiziba uso kwa joho.

Mjane na mwanawe waliishitaki Universal kwa kuuza bidhaa zenye sura ya marehemu. Mwaka 1979, Mahakama ya Juu ya California iliamua kuwa haki hiyo ilikufa naye.

Hata hivyo, jimbo hilo baadaye lilitunga sheria, iliyoanza kutumika mwaka 1985, inayowapa warithi wa watu mashuhuri haki juu ya majina na sura zao. Kwa Lugosi, ilikuja karibu miaka 30 baada ya kuzikwa.