Albrecht Kossel: Mgunduzi wa histoni aliyefariki kabla ya kazi ya histoni kujulikana

WATAFITI wanaofuatilia nyani wa Amboseli, katika nyika iliyo chini ya Mlima Kilimanjaro karibu na mji wa Loitokitok, Kajiado, wana deni kwa mtu ambaye jina lake ni nadra kutajwa. Huyo ni Albrecht Kossel, Mjerumani aliyefariki dunia mwaka 1927.

Kossel alizaliwa Septemba 16, 1853 mjini Rostock, mtoto wa mfanyabiashara. Alipenda mimea, lakini alisomea udaktari. Huko Strasbourg mwalimu wake, Felix Hoppe-Seyler, alimvuta kwenye kemia ya mwili, naye hakutoka humo tena.

Mwaka 1884, akiwa Berlin, alichukua damu ya bata bukini. Hakubahatisha: chembe nyekundu za damu ya ndege zina kiini, ilhali za binadamu hazina. Alivitenga viini hivyo, akavitia asidi hafifu, ikatoka protini aliyoiita histoni. Miaka kumi baadaye, yeye na mwenzake Albert Neumann walitambua sitosini, mojawapo ya herufi nne za DNA. Tuzo ya Nobel ya tiba ilimfikia mwaka 1910, wakati huo akifundisha Heidelberg.

Histoni ina kazi gani? DNA ya seli moja ya binadamu ikinyooshwa hufikia takriban meta mbili. Ili ienee kwenye kiini huzungushwa juu ya histoni, kama uzi juu ya kijiti. Mwaka 1964 Vincent Allfrey na wenzake mjini New York walionyesha kuwa histoni hubandikwa alama za kemikali ziitwazo asetili, wakapendekeza kuwa alama hizo huhusika katika kuruhusu jeni kusomwa. Hapo ndipo ulipo mzizi mmoja mkubwa wa epijenetiki. Siku hizi watafiti hutumia antibodi inayonasa histoni yenye alama fulani tu, kisha husoma kipande cha DNA kilichonaswa pamoja nayo. Hata hivyo, ile njia ya asidi ya mwaka 1884 haijatupwa.

Nyani wa Amboseli wamefuatiliwa tangu mwaka 1971. Baadhi yao hulazwa kwa mshale wenye dawa ya usingizi, wakatolewa damu, kisha wakarudi kundini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulibaini kuwa madume wenye vyeo vya juu walionekana wazee kuliko miaka yao halisi. Ukubwa, kumbe, una gharama yake. Msomaji asichanganye mambo: alama zilizopimwa hapo ni za methili, nazo hazikai juu ya histoni bali juu ya sitosini. Kupima histoni huhitaji seli zilizohifadhiwa kwa uangalifu mkubwa, jambo lisilo rahisi nyikani. Lakini histoni na sitosini, zote mbili, zilipita kwanza mikononi mwa Kossel.

Mwenyewe hakuyaona hayo. Mkewe, Adele, alifariki mwaka 1913, na vita vikafuata. Chakula kilipoadimika Ujerumani, Kossel alikataa kutangaza kwamba mgawo mdogo waliopewa raia ulitosha, ingawa neno la bingwa kama yeye lingewafaa sana wakubwa. Alifariki Heidelberg Julai 5, 1927, miaka 37 kabla ya Allfrey kuonyesha alama zile.