John Napier na Asili ya Logarithimu

Mwanafunzi wa sekondari anapofundishwa logarithimu, aghalabu huonyeshwa jedwali kwanza, kisha huamriwa asome safu, ajumlishe na kutafuta antilogarithimu. Jibu hulipata, lakini hajui kwa nini kujumlisha kumechukua nafasi ya kuzidisha. Twaona kwamba njia mojawapo ya kuliondoa giza hilo ni kumsimulia maisha ya mtu aliyekibuni chombo hiki, pamoja na taabu iliyomsukuma kukibuni.

John Napier alizaliwa mwaka 1550 katika ngome ya Merchiston, ambayo wakati huo ilikuwa nje ya mji wa Edinburgh, nchini Uskoti. Baba yake alikuwa kijana wa miaka 16 hivi. Mwaka 1563 Napier, akiwa na miaka 13 tu, aliingia Chuo Kikuu cha St Andrews, na mwaka huo huo mama yake akafariki. Aliondoka chuoni bila kupata shahada. Mwaka 1572 alimwoa Elizabeth Stirling, wakazaa watoto wawili. Mkewe huyo alipofariki, alimwoa Agnes Chisholm, wakajaliwa watoto kumi.

Yafaa wanafunzi wajue kwamba Napier hakuwa profesa wala mwalimu. Alikuwa mwenye mashamba, aliyeshughulikia rutuba ya ardhi na mambo ya ukoo wake. Tena aliishi katika zama za ugomvi mkali wa dini. Mwaka 1593 alitoa kitabu cha kufasiri Ufunuo wa Yohana, nacho ndicho kilichompa sifa kwanza. Mwaka 1596 aliorodhesha zana za vita alizozibuni za kuilinda nchi, miongoni mwake vioo vya kuchomea merikebu za adui kwa miali ya jua. Hisabati aliifanya katika nafasi iliyobaki.

Taabu yenyewe ilikuwa hii. Wanafalaki na mabaharia wa siku zile walitegemea pembetatu, na majedwali yao ya sini yalikuwa na namba za tarakimu saba au zaidi. Kuzidisha namba mbili za tarakimu saba kwa mkono hudai mazidisho madogo 49 kabla ya kujumlisha. Tarakimu moja ikikosewa, kazi yote imeharibika. Na kugawanya kulikuwa kugumu zaidi. Napier aliona kwamba watu wenye akili walikuwa wakiumaliza umri wao katika kuhesabu.

Wazo la kuwaokoa lilikuwa karibu. Tuandike safu mbili ubaoni: juu 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, na chini yake 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256. Tukitaka kuzidisha 8 kwa 32, twatazama juu yake, twaona 3 na 5. Jumla ni 8, na chini ya 8 pana 256, ndilo zao. Michael Stifel wa Ujerumani alikwisha kuandika juu ya uhusiano huu mwaka 1544. Lakini safu ya chini ina mapengo makubwa: 9 iko wapi? Na 50 je?

Hapo ndipo ulipo ubunifu wa Napier. Badala ya kuzidisha kwa 2 kila hatua, alianza na 10,000,000 na kuzidisha kwa namba iliyopungua kidogo sana chini ya moja, yaani 0.9999999. Hatua zikawa fupi mno, na mapengo yakakaribia kutoweka. Kazi hiyo ilimchukua miaka ipatayo 20. Mwaka 1614 alichapisha kitabu chake kwa Kilatini, chenye kurasa 90 za majedwali, na akaliunda jina la logarithimu kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya uwiano na jingine namba.

Henry Briggs, profesa wa jiometria katika Gresham College, London, alikipokea kitabu hicho kwa furaha kubwa, na mwaka 1615 alifunga safari ndefu hadi Uskoti kumwona mwandishi. Katika majedwali ya Napier, logarithimu ya 10,000,000 ndiyo iliyokuwa sifuri, jambo lililoleta usumbufu. Wawili hao walikubaliana kwamba logarithimu ya 1 iwe sifuri na kizio kiwe kumi. Napier, ambaye afya yake ilikuwa imedhoofika, alimwachia Briggs kazi ya kuyapiga upya majedwali. Alifariki tarehe 4 Aprili 1617. Mwaka 1619 mwanawe Robert alichapisha maelezo ya baba yake juu ya namna majedwali yalivyotengenezwa, na mwaka 1624 Briggs alitoa logarithimu za namba 30,000 kwa nafasi 14 za desimali. Kepler naye alizitumia logarithimu katika majedwali yake ya sayari ya mwaka 1627.

Je, maisha haya yanamfundisha nini mwalimu? Kwanza, tatizo litangulie kanuni. Darasa lizidishe namba mbili za tarakimu saba kwa mkono, litoke jasho kidogo, ndipo lionyeshwe njia ya mkato. Pili, safu mbili zitangulie jedwali, ili mwanafunzi agundue mwenyewe kwamba logarithimu ni kipeo tu. Tatu, tusidhani kwamba kikokotoo kimeiua mada hii. Kikokotoo kimeondoa taabu ya kuzidisha, lakini swali la kipeo kisichojulikana lingalipo. Shilingi 1,000 zikiwekwa kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, riba nayo ikizaa riba, zitakuwa 2,000 baada ya miaka mingapi? Twagawanya logarithimu ya 2, yaani 0.3010, kwa logarithimu ya 1.08, yaani 0.0334, twapata miaka 9 na ushei. Swali la namna hiyo huulizwa pia juu ya ongezeko la watu, kuzaana kwa bakteria na kuoza kwa madini yenye mnururisho.

Mwanafunzi atakayemaliza somo akijua kubonyeza kitufe tu amepata jibu la leo. Atakayejua kwa nini Napier alitumia miaka 20 kuzifupisha hatua zake, huyo ameipata hisabati yenyewe.