Bodelschwingh, mchungaji aliyewafungulia mlango waliofichwa

Somo: Marko 9:14-29



Leo tuanzie Rubwera, wilayani Kyerwa. Katika sharika za huku, na za kwenu pia, yupo mama ambaye siku hizi haonekani ibadani. Kijana wake ana usonji, au ana ulemavu wa akili tangu kuzaliwa. Siku ya shwari hukaa vizuri, akamsaidia mama kuanika kahawa. Siku nyingine hupiga kelele, hujigonga kichwa ukutani, humng'ata anayemshika. Majirani huja na kamba. Wengine huja kukemea pepo kwa sauti kubwa hadi usiku wa manane. Wakishaondoka, mama hubaki peke yake na mtoto wake.

Nataka nikusimulie maisha ya mtu aliyewafungulia mlango watu wa namna hiyo. Jina lake limo katika mizizi ya kanisa la Kilutheri mkoani Kagera, ingawa halitajwi sana.

Friedrich von Bodelschwingh alizaliwa tarehe 6 Machi 1831 huko Westfalia, Ujerumani. Baba yake alikuwa waziri katika ufalme wa Prussia, na yeye utotoni alicheza na mwana wa kifalme aliyekuja kuwa Kaisari Friedrich wa Tatu. Angeweza kutafuta cheo. Yeye akajifunza kilimo, akawa msimamizi wa shamba, na huko akaona ufukara wa vibarua. Kijitabu kimoja cha misheni kilimgusa moyo, akaenda Basel, Uswisi, kusoma teolojia ili awe mmisionari nchi za mbali. Badala yake, mwaka 1858 alijikuta Paris akiwachunga Wajerumani maskini waliofagia barabara za mji ule. Alikaa nao miaka 6.

Mwaka 1864 alirudi kwao na mkewe Ida, akawa mchungaji wa usharika wa Dellwig. Januari 1869 ugonjwa uliingia nyumbani mwao. Ndani ya majuma 2 walizika watoto wao wote 4. Baadaye Mungu aliwapa watoto wengine 4, lakini Bodelschwingh hakusahau makaburi yale. Alishuhudia kwamba ni msiba ule uliomfundisha kuwahurumia wengine.

Mwaka 1872 aliitwa kuongoza nyumba ndogo karibu na mji wa Bielefeld, iliyoanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa. Dawa zilikuwa chache. Neno usonji, kwa maana tuliyo nayo leo, halikuwapo. Lilianza kutumika kwa watoto katika miaka ya 1940. Lakini tunajua leo kwamba kifafa, ulemavu wa akili na usonji mara nyingi hukutana ndani ya mtu mmoja. Mahali pale palipewa jina Bethel, yaani nyumba ya Mungu.

Bodelschwingh hakuwa na uwezo wa kuwaponya wengi wao. Alichofanya ni kuwapa nyumba. Waliishi katika makazi yenye walezi waliokuwa kwao kama baba na mama. Kila aliyeweza kufanya kazi alipewa kazi ya kiasi chake, shambani au katika karakana. Walisali pamoja na wazima. Mtu alipopatwa na kifafa au kuchafukwa, palikuwa na masista na mashemasi waliofunzwa kumhudumia, na kesho yake alirudi mezani kwa wenzake. Alipozeeka, mlango haukufungwa nyuma yake.

Hamu yake ya misheni nayo haikufa. Kuanzia mwaka 1890 alishiriki kuongoza chama cha misheni kilichotuma watu katika nchi yetu, na mwaka 1906 chama hicho kilihamia Bethel. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, palikuwa na makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20, mahali hapo pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, nayo inaendelea kuhudumu hadi leo chini ya KKKT.

Bodelschwingh alifariki tarehe 2 Aprili 1910. Mwaka huohuo mmisionari wa Bethel, Ernst Johanssen, alifika Bukoba. Kazi ile ilikua, na mwaka 1979 ikazaliwa Dayosisi ya Karagwe. Kwa hiyo Injili ya Walutheri wa huku imepitia nyumba ya watu wenye kifafa.

Nyumba ile ilijaribiwa baada ya kifo chake. Mwaka 1940 serikali ya Hitler ilituma fomu za kuorodhesha wagonjwa, ili wale walioonekana hawana faida wauawe. Zaidi ya watu 70,000 waliuawa. Mwanawe, aliyeitwa pia Friedrich na ndiye aliyekuwa akiongoza Bethel wakati huo, alikataa kujaza fomu zile. Hakuweza kuwaokoa wote, lakini wengi walinusurika.

Sasa turudi kwenye somo letu. Baba analeta mtoto anayeanguka motoni na majini. Wanafunzi wameshindwa, waandishi wanabishana, umati unasongamana. Yesu anamgeukia baba na kumuuliza hali hiyo ilianza lini. Anamsikiliza. Mtoto anapolala kama mfu, na watu wanasema amekufa, Yesu anamshika mkono na kumwinua.

Wapendwa, usiku kijana wa jirani anapochafukwa, tumfuate Bwana hatua kwa hatua. Tuwaondoe watazamaji na kelele. Tumuulize mama yake kilichotangulia, maana yeye ndiye anayemjua. Pengine kijana asiyeweza kusema ana jino linalouma, sikio, au tumbo lililofunga. Tuondoe vitu vya kumuumiza, tuongee kwa sauti ya chini, abaki naye mtu anayemwamini. Tusimfunge kamba wala kumlalia. Kifafa kikizidi dakika 5, au akiendelea kujiumiza, tutafute usafiri wa kumfikisha hospitali, na mmoja wetu afuatane na mama. Tuombe, naam, lakini tusimwambie aache dawa za kifafa kwa sababu tumeomba; kuziacha ghafla kunaweza kumuua.

Na asubuhi yake turudi. Wazee wa kanisa wakae na kijana saa 2 ili mama alale. Jumapili wamtengee nafasi karibu na mlango, mbali na spika, ambapo anaweza kutoka na kurudi bila kukodolewa macho. Haya hayahitaji mfadhili kutoka Ujerumani.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyemshika mkono mtoto wa Marko 9, tusamehe kamba tulizoleta. Tupe masikio ya kumsikiliza mama, na utufanye Bethel kwa mtoto wake. Amina.